Ukimya wa Saquina Kibarazani

Saquina anakaa Palma, nasi wengine tumetapakaa: mimi, Amido, niko Mbau, Abacar yuko kisiwani Macaloe, Cleide yuko Pundanhar. Kazi yetu ni kuangalia pampu za visima. Kwa kuwa hatuonani, Saquina alitufungulia kundi la WhatsApp akaliita Kibarazani. Humo hakuna ripoti. Kila asubuhi unapiga hodi, unasema umekula nini na jirani kagombana na nani, wenzako wajue uko vipi.

Sheria moja aliitunga mwenyewe: mtu akinyamaza, asiulizwe kundini. Tangu vita vifike huku kwetu, hujui simu yake iko mkononi mwa nani. Tuulizane pembeni, kisha mmoja aende kumwona.

Basi Cleide akatuma picha ya beberu amelala juu ya pikipiki yake, tukacheka kutwa. Saquina alipotuma samaki wake wa kupaka, aliambulia kidole gumba kimoja, tena changu. Roho ikamuuma. Kibaraza nifungue mimi, mwenyeji awe yeye! Haya alinisimulia mwenyewe, bila haya.

Akaamua kunyamaza, aone nani atamkumbuka. Simu mapajani, anatuona sote tuko hewani, na Kibarazani hakuna neno. Wivu ukampanda kichwani: wananiteta, na kinara ni yule wa Pundanhar. Ile sheria yake ilishamtoka kabisa. Na sisi huko pembeni, kumwona yuko hewani lakini haandiki ndiko kulikotutia hofu zaidi.

Siku ya pili mchana pikipiki ikazima mlangoni kwake. Ni Cleide, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mana Saquina, dada yangu, uko mzima?"

"Kwani nina nini mimi?"

Cleide akakaa pale pale kizingitini akalia. Barabara ile mbovu ya kutoka Pundanhar aliipita peke yake. Saquina akamletea maji, akapiga magoti akamvua viatu kwa mikono yake, hana pa kuficha uso.

Kisha Cleide akaandika Kibarazani: "Nimemkuta, mzima." Simu ya Saquina ikaanza kulia mfululizo. Alhamdulillahi, obrigado, Cleide shujaa, Cleide jasiri, Cleide Mungu akulipe.

Saquina akasoma mpaka mwisho, kiatu cha mwenzake bado kiko mkononi.

"Hata kunyamaza ninyamaze mimi," akasema, "sifa azipate yeye!"

Cleide akacheka, machozi hayajamkauka. Saquina hakucheka.