Matairi ya Lami

Tairi la nyuma lilipasuka tukiwa tumetoka Didia muda si mrefu, tunaelekea hospitali Shinyanga mjini. Pikapu iliyumba upande wa mtaro, na mimi, dereva wa miezi michache, nikapiga kelele nikaushika usukani kama mtu anayezama. Mume wangu alikuwa kiti cha pembeni. "Usikanyage breki," alisema. "Iache. Iache ife yenyewe." Ikafa yenyewe, pembeni mwa barabara.

Watu wa kwetu hupenda kuuliza, kwa hiyo nijibu mapema. Inakuwaje mwalimu wa shule ya msingi anaendesha pikapu, na dereva mwenyewe kakaa pembeni? Ni kwa sababu dereva mwenyewe alipigwa kiharusi. Alikuwa anafunga kamba za mzigo, asubuhi, mzima kabisa, na kabla hajamaliza fundo la mwisho mkono wa kulia ukakataa, kisha mguu. Hujafa hujaumbika. Tangu watoto wetu wakiwa wadogo alikuwa akifanya kazi machimboni upande wa Geita. Kwa pikapu hii alibeba matimba, yale magogo wanayozuilia kuta za mashimo zisiwafukie watu, na alibeba viroba vya mawe kutoka kwenye mashimo hadi kwenye mashine za kusagia. Alilala huko huko, Buseresere, wiki nzima. Jumamosi alirudi na vumbi jekundu hadi kwenye kope, Jumapili tulikwenda misa amevaa shati jeupe, Jumatatu kabla sijaamka keshaondoka. Ndoa yetu ilikuwa hiyo, nami niliizoea.

Kiharusi kilimwachia ulimi mzito. Kisukuma kilirudi kwanza, cha mama yake, kisha Kiswahili kikaja nyuma kinachechemea. Ila maneno ya gari hayakumpotea hata moja.

Basi siku ile ya tairi walisimama vijana wa lori la pamba, wakashuka kutusaidia. Mume wangu alifungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, akaanza kuwaelekeza: legezeni nati kabla ya kupiga jeki, wekeni jiwe tairi la mbele. Wale vijana walikwisha kulegeza, na jiwe walikwisha kuweka. "Mzee, tulia tu," mmoja alimwambia akicheka, "hii kazi tunaijua." Hakumaanisha ubaya. Lakini mume wangu hakuwa mzee, na kazi ile aliifanya kabla kijana huyo hajazaliwa. Aliurudisha mguu ndani, akafunga mlango polepole.

Sasa niseme jambo ambalo yeye hakuambiwa. Tangu mwanzo wa ugonjwa daktari alikuwa ameniita pembeni, koridoni, akanieleza kwamba kuendesha gari asahau. Atatembea kwa fimbo, Mungu akijalia atashika kijiko, lakini usukani asahau. "Umwambie wewe, taratibu," alisema. "Wewe ndiye unayemjua." Khaa! Mtu kasoma miaka yote ile, halafu neno zito kuliko yote ananitwisha mimi, nikiwa na chupa ya uji mkononi. Hasira ile ninayo hadi leo.

Nyumbani kila alipouliza lini anarudi kazini, nilimjibu: "Na vipara hivi? Utafika wapi?" Matairi ya pikapu yalikuwa yamelika mpaka yanang'aa, na hakuna dereva wa machimboni anayebishana na kipara. Mawe ya kule yanakata tairi ubavuni kama panga. Alikuwa anatikisa kichwa, ananyamaza, na mimi napumua. Vipara vile vilinibeba miezi na miezi. Nilivipenda, jamani, sikufichi. Wenzangu wanaombea gari lipate matairi, mimi naombea lisipate.

Tairi lilipopasuka, kisingizio nacho kikapasuka. Choroko tulikuwa tumeuza, hela ya matairi ilikuwepo, na yeye alijua ilipo. "Tukitoka hospitali," alisema, "tunapita kwa muuza matairi." Nikasema haya. Ningesema nini?

Duka lilikuwa upande wa kutokea mjini, matairi yamepangwa nje hadi usawa wa paa. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, tumbo limemtangulia, anatafuna karanga. Alitusalimia Kisukuma, "Mwangaluka," akamvutia mume wangu kiti cha plastiki bila kuambiwa. Nikamwambia tunataka matairi manne ya pikapu. Nilidhani atauliza saizi.

"Gari linafanya kazi wapi?" akauliza.

Ukanda wetu huu ndivyo ulivyo. Muuza matairi anayejua kazi yake hakuonyeshi kitu kabla hujamjibu swali hilo, maana ardhi zetu hazifanani. Gari la kwenda mbuga za Kishapu, kwenye udongo mweusi unaonata kama ugali mbichi, hilo lina tairi lake, jembamba, lenye meno yaliyoachana ili litapike tope. La machimboni linataka tairi nene ubavuni, gumu, la kuvumilia mawe. Tairi la lami ni laini, halina makuu, ukilipeleka kwenye mashimo ya Geita halikai. Wapo wanaofunga yale ya mawe kwa sifa tu, waonekane mjini kuwa ni watu wa dhahabu, halafu wanaunguruma barabara nzima kama trekta. Lakini mtu mwenye akili humjibu muuzaji kweli, kwa sababu ukimdanganya kuhusu unakokwenda, umejidanganya mwenyewe.

Na hilo ndilo swali nililokuwa nalikwepa nyumbani kwangu miezi yote ile. Aliniuliza mtu mgeni, mdomo umejaa karanga.

Mume wangu ndiye aliyejibu, kwa ule ulimi mzito: "Machimboni. Geita." Kisha akainuka na fimbo yake.

Nisikilizeni. Kwa muda fulani pale nje ya duka nilimwona mume wangu. Simsemi yule mgonjwa niliyekuwa namwogesha. Namsema mume wangu. Alipita tairi kwa tairi, anabonyeza mpira kwa ukucha wa mkono wa kushoto, anagonga ubavu kwa fimbo akisikiliza, anainama kusoma tarakimu za mwaka wa kutengenezwa. Moja alilinusa, akakunja uso: "Hili limelala sana juani." Muuzaji akacheka akasema, "Mzee huyu huwezi kumuuzia mbuzi kwenye gunia." Wakaanza kuzungumzia mawe. Mawe meupe ndiyo mabaya zaidi, alisema mume wangu, yakipasuka yanabaki na makali, na kuna kilima fulani kabla ya mashine za kusagia ambapo ukipita na mzigo lazima ushike kushoto. Maneno yalikuwa yanamtoka vizuri kuliko siku yoyote tangu augue. Nilitaka nifurahi. Roho yangu ilikuwa inauma kiasi kwamba niligeuka nikajifanya naangalia bajaji barabarani.

Alichagua manne, ya mawe, mazuri kweli. Fundi akapiga jeki, akaanza kulegeza nati.

"Kwa hiyo baba unarudi lini kazini?" muuzaji akamuuliza. Kwa nia njema tu, mtu wa biashara anapiga soga.

Mume wangu aligeuka akanitazama mimi, nami nikafungua mdomo.

"Mungu akipenda," nikasema.

Ni neno jema, hilo. Babu zetu na bibi zetu wamelisema, padre analisema, Waislamu majirani zetu wana lao. Lakini silo neno langu mimi. Mimi ni mtu wa ratiba. Nimefundisha darasa la tatu maisha yangu yote, na ukiniuliza lini nitafua mapazia nitakutajia siku na saa. Mume wangu amecheka tabia hiyo tangu uchumba wetu. Nililisema, nikaona uso wake unabadilika, polepole, kama mtu anayesoma barua.

Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki. Fundi alikuwa ameshatoa tairi la kwanza na ameinua jipya kulipachika.

"Subiri," mume wangu akasema. "Toa hilo."

Fundi akamwangalia muuzaji. Muuzaji akamwangalia mume wangu.

"Mwalimu wangu huyu hana Mungu akipenda," alisema. Alisema taratibu, akitafuta kila neno lilipo. "Yeye ana Jumatatu na Jumanne. Nimeishi naye. Akikosa siku, ujue siku haipo."

Nikasema, "Baba..."

"Gari hili anaendesha mwalimu," akamwambia muuzaji, kana kwamba mimi sipo. "Linakwenda hospitali. Linakwenda shule. Jumapili kanisani. Mwekee ya lami."

Muuzaji alidhani ni utani. "Na Geita je?"

"Geita haliendi tena."

Karanga zilibaki mkononi mwa yule mtu. Alinitazama, akaniona nalia, akaelewa. "Pole, baba," alisema, kwa sauti ya chini kabisa, na akainama yeye mwenyewe, na tumbo lake lile, kuyabingirisha matairi ya mawe kuyarudisha moja moja yalikotoka. Nilitamani ayarudishe haraka. Hayakuisha upesi.

Alituletea ya lami. Mume wangu hakuyagusa, wala hakuyaangalia mwaka. "Chagua wewe," aliniambia. Aka! Mimi najua nini? Nilibonyeza mpira kwa ukucha kama nilivyomwona yeye, sikujua ninatafuta nini, nikasema haya yanafaa. Fundi akafunga. Mwanamke mmoja aliyekuja kujaza upepo baiskeli yake alinipa shikamoo, nikasahau kuitikia marahaba, akaondoka akidhani naringa.

Tulipokuwa tunapanda garini nilimuuliza kama amekasirika. Aliuinua mguu wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauingiza ndani.

"Ningejua kwako," alisema, "ningekasirika nyumbani. Sasa nimejulia kwa muuza matairi. Nimkasirikie nani?"

Nilitaka kumwambia habari ya daktari na koridoni na chupa ya uji, nikaona yote ni maneno ya mtu anayejitetea. Nikawasha gari.

Tulitoka mjini jua likiwa kali bado, lami inameremeta mbele, matairi mapya hayana mlio. Baada ya muda nikasikia sauti ambayo kwanza sikuielewa. Alikuwa analia. Sikuwahi kumsikia akilia, hata tulipomzika mama yake, hata hospitali. Analia kinywa wazi upande mmoja, kwa sababu upande huo haufungi vizuri, na hajui kujificha.

"Nisimamishe?" nikamuuliza.

"Hapana." Alimeza mate. "Lori liko nyuma yako. Usisimame hovyo."

Nilitaka kumshika. Lakini mimi ni dereva wa mikono miwili, nikiachia mmoja gari linakwenda linakotaka, na lori lilikuwa kweli nyuma yangu, linapiga honi.

"Angalia mbele, mwalimu," alisema, bado analia. "Kilima hicho. Rudisha tatu."

Nilipeleka mkono kwenye gia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pale pale, juu ya kiti, karibu na gia, na wangu ukaupitia. Nikauacha wangu pale juu ya wake, muda wote wa kile kilima, gari linaunguruma kwa taabu kwenye namba nne.

"Tatu," akasema tena. "Mbona huweki tatu?"

Hakuwa anausikia mkono wangu.