Mwalimu wa Nyani na Kalamu za Mafuta

La, hakutubu. Najua mtaniuliza, maana tangu tumzike Jumamosi yule mwalimu wa sayansi wa watoto wetu hapa ugenini Yeoville, kila anayeniamkia swali liko mdomoni. Mapafu yamemchukua. Mkongomani, mtu wa dini, Jumapili anapiga ngoma kanisani mpaka shati linamganda, Jumatatu anafundisha kwamba viumbe vimebadilikabadilika tangu enzi na enzi. Yeye hakuona shida. Shida tuliiona sisi.

Mchungaji wake kamlilia kaburini kumshinda mjane: "Alikuwa mutumishi wa Mungu, huyu." Nikajiinamia kwenye mtandio nisicheke. Maana ni mchungaji huyohuyo aliyetuita wazazi shuleni, mkataba wa mwalimu ukiwa ukingoni, tumwambie mkuu asimpe mwingine mpaka afundishe uumbaji kwenye sayansi. Na bila mkataba, kibali cha kukaa nchini nacho basi. Akanyoosha kidole: "Batoto betu banafundishwa babu yabo ni nyani. Miye babu yangu alikuwa Bukavu, hakukuwaka na mukia." Tukapiga makofi, na mimi nimo. Mzee mmoja wa msikitini, wa kwetu Tanga, naye akainuka, sauti ya puani: "Leo, bwana mchungaji, mimi na wewe ndugu. Azifundishe siku sita. Ila ya saba asiseme Mungu alipumzika. Mungu hachoki."

"Alipumuzika, papa. Imeandikwa."

"Kwenu."

Wakang'ang'ana hapo, mwalimu kasahauliwa. Sisi wahamiaji tuna vituko. Tumeacha nyumba, tumeacha makaburi ya wazee, ubishi tumeubeba wote. Na watoto tunaowagombania wanacheka pembeni kwa Kizulu. Tunataka shule iwape imani, kwa sababu sisi wenyewe tuko saluni, tuko kwenye vijiduka vya spaza, tuko getini tunalinda, nani yuko nyumbani awafundishe? Tukiikumbuka hiyo imani, ni msimu wa mtihani: mchungaji anakusanya kalamu zao, anazipaka mafuta ya upako. Kalamu hizohizo ndizo zinazojibu maswali ya nyani, na zinafaulu.

Siku ile ya kikao mwalimu alikuwa kiti cha nyuma, mkewe kamshika mkono. Akautoa taratibu, akasimama.

"Sawa, Mungu nitamfundisha. Lakini kila ninachofundisha nakitungia mtihani, na hawa watoto wenu, hata kwa kalamu za mafuta, watamfeli."