Nani Anashusha Kiyoyozi?

Mchana wa kiangazi, jua linawaka hata lami ya barabarani imelainika, na mimi niko sebuleni kwangu nimevaa sweta na soksi za sufu, meno yananigongana.

Mbele yangu amekaa mama mkwe, kajitanda shuka mbili, pua inamchuruzika. Katikati yetu yuko mwanangu mchanga, kafungwafungwa kama kifurushi cha posta.

Kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Kabla hujanicheka, niruhusu niyapange mambo kwa utaratibu. Mimi ni mwalimu. Hadithi inayoanzia katikati hunikosesha raha.

Tunaishi ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati. Kiangazi kikiingia, chumba cha kulala hakikaliki, na jikoni ndiyo usiseme. Pa kukimbilia ni sebuleni tu, kwenye kiyoyozi. Tukishafunga mlango na madirisha asubuhi, tumefungiana humo mpaka jua litue.

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa ukingoni. Mama mkwe alikuja kunilelea mtoto ili nirudi darasani. Bila yeye sikuwa na pa kumwacha, na mwalimu mkuu alikwisha kuniambia wazi kwamba nisipofika siku ya kufungua shule, nafasi yangu atapewa mwingine.

Kwa hiyo mama mkwe nilimshika kama yai.

Siku alipofika niliweka kiyoyozi nyuzi ishirini na tano, nikaitundika rimoti kwenye msumari wake. Kwangu kila kitu kina mahali pake.

Nikaenda kumwogesha mtoto. Kurudi, namba zinasoma kumi na nane.

Nikajisemea, mgeni anasikia joto. Nikaziacha zilivyo.

Kesho yake nikapandisha kwa kuiba, yeye akiwa bafuni. Haukupita muda: pii! Kumi na nane tena.

Sasa utamwambiaje mama aliyemzaa mumeo kwamba anakugandisha? Nikavaa sweta.

Ajabu, naye akajitanda shuka. Halafu ya pili. Na kila nikipandisha, namba zinashuka tena!

Hapo nikaanza kuona huu ni mtihani. Mtu anatetemeka, bado anashusha? Anataka kuona nani atasalimu amri kwanza.

Vijembe vikaanza.

"Mwalimu, huko shuleni kwenu watoto mnawafundishia ndani ya friji?"

"Hapana, mama. Labda wengine ndio waliozoea hewa ya mlimani."

"Mimi? Nimezaliwa penye joto, nimezeekea penye joto."

"Haya, mama."

"Haya, mwalimu."

Ningetoka niende wapi? Ukifungua mlango wa kuelekea jikoni, joto linakuzaba kofi. Ukiufunga, unaganda. Mume wangu naye ni mwoka mikate. Anaondoka hakujapambazuka, anarudi jioni ananukia mkate, anaoga, anaanguka kitandani kama gogo. Nimsemee mama yake saa ngapi?

Asubuhi moja nikakuta begi la mama mkwe limesimama mlangoni, zipu imefungwa.

Nikalishika begi.

"Mama, safari ya wapi?"

"Nyumbani kwangu. Mtu akimchoka mgeni aseme. Si kumgandisha kama samaki wa dukani."

"Mimi ndiye ninayekugandisha?"

"Kwani rimoti anaishika nani? Paka?"

"Mama, haki ya Mungu, nilidhani ni wewe!"

"Mimi? Na magoti haya yanayoniuma?"

Akanitazama vile ninavyomtazama mwanafunzi aliyekula chaki, anakana huku midomo imejaa unga.

Ualimu ukanipanda. Darasani kukiwa na utata, sibahatishi: kila mtu anakaa mahali pake, mikono juu ya dawati. Nikapandisha kiyoyozi hadi ishirini na tano, nikatoa betri za rimoti, nikamkabidhi yeye.

"Mama, kaa hapa. Mikono mezani. Na yangu hii hapa."

"Leo nimekuwa mwanafunzi wako?"

"Kwa muda mfupi tu, mama. Nisamehe."

Akaguna, lakini akaweka mikono. Tukazikodolea macho zile namba za kijani. Mtoto akapiga chafya.

Pii. Ishirini na nne.

Pii. Pii. Pii.

Kumi na nane.

Mama mkwe akanidaka mkono.

"Mwanangu, nyumba hii ina wenyewe."

"Mama, usiseme hivyo!"

"Mbebe mtoto tutoke!"

"Twende wapi na jua lile?"

Tukabaki tumekumbatiana, sisi ambao muda mfupi uliopita tulikuwa hatutaki hata kutazamana.

Simu yangu ikalia. Mume wangu. Nyuma yake masinia ya mikate yanagongana.

"Mke wangu, hamjambo huko? Nimewaongezea baridi kidogo."

"Umefanya nini?"

"Kiyoyozi hicho si kinaongozwa na simu pia? Niliunganisha siku fundi alipokifunga. Kila nikifungua tanuri, moto ukinipiga usoni, nawakumbuka. Nasema mama yangu na mke wangu wanaiva huko chini ya bati. Basi nawashushia."

Kila akifungua tanuri. Na mwoka mikate anafungua tanuri kutwa nzima!

Mama mkwe akaninyang'anya simu.

"Wewe!"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako iweke kwenye friji! Mimi nimekuwa barafu, mjukuu anapiga chafya, na mkeo nimemsema bure. Iva peke yako huko!"

Akakata. Tukatazamana, tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Kisha tukakaa kupanga. Yeye alitaka ishirini na saba, mimi ishirini na tano. Mwamuzi akawa mtoto: tukamvua mablanketi, tukawa tunamgusa shingoni. Kwenye ishirini na sita hakuwa na jasho wala ubaridi. Ikawa hiyo. Jioni mume wangu aliiondoa kwenye simu ile programu ya kuongozea kiyoyozi, mama yake akimsimamia kichwani.

Begi lilirudi chumbani. Shule ilipofunguliwa, nilikuwa mbele ya darasa langu.

Nililojifunza ni hili: usimpimie mwenzako joto kwa tanuri lako. Muulize. Nawe ukiulizwa, sema kweli. Mume wangu alitugandisha kwa mapenzi, lakini aliyetufungia ndani ya baridi ile ni ukimya wetu wenyewe.

Siku hizi akirudi kazini hukaa chini ya kiyoyozi, shati limemganda mgongoni, anaitazama ishirini na sita bila kuthubutu kuigusa.

"Baba, unasikia joto?" mama yake humuuliza.

"Hapana, mama," hujibu, huku anajifuta jasho.

Ndiyo maana sasa tunamuuliza mara mbili.