Zakaria na Picha ya Moshi

Zakaria Mashaka alikuwa mpiga picha katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, wa zile picha ndogo za kadi ya shule, na alichukia jua. Alipenda sinema za zamani zisizo na rangi, zile ambazo mtu anasimama kwenye ukungu, nusu ya uso gizani. Wanafunzi walirudi nyumbani na picha zenye jicho moja, na wazazi wakaja kumgombeza.

"Jicho la pili liko mu kivuli," aliwaeleza kwa upole. "Litunzeni."

Waliomwelewa aliwapata kwenye simu tu, katika kundi la WhatsApp la wapenzi wa picha za namna hiyo. Sheria zao zilikuwa kali: rangi hapana, kucheka hapana.

Ukungu wa kutosha Baraka hakuna. Ila jirani yake, mama Pulchérie, alikuwa akikausha mikeke, samaki wa ziwani, kwa moshi nyuma ya nyumba. Zakaria akamvika koti zito la mtumba na kofia ya kiume, akamsimamisha katikati ya moshi.

"Angalia kama mwanamuke mwenye bwana amemuacha kwenye gari la moshi."

"Mi naangalia mikeke yangu, inaungua."

"Vizuri sana. Baki vile vile."

Picha ile ilitikisa kundi zima. Dany, msimamizi aliyeishi Lubumbashi, aliandika kwamba uso huo anaufahamu: ni mwigizaji mkubwa wa zamani aliyetoweka. Kabla jua halijatua watu walikuwa wanakumbuka filamu zake, na mmoja alikuwa amezililia mbili. Zakaria akaandika, "Ni jirani yangu, mama Pulchérie. Anakausha samaki." Wakamsifu kwa utani wake. Juma lililofuata mtu akauliza kama mama huyo bado yu hai. Mwingine akasoma haraka haraka, akatoa pole. Basi wote wakatoa pole, na Dany akatangaza kwamba matanga yako Baraka.

Jumamosi asubuhi akafika Jérémie, mwanachama wa kundi kutoka Uvira, juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na shada la maua ya plastiki mkononi. Alimkuta mama Pulchérie akigeuza mikeke.

"Pole mama. Nimekuja kulilia Pulchérie."

"Pulchérie ni mi."

Jérémie akamtazama toka juu mpaka chini. "Hapana mama. Ule alikuwa murefu."

"Alikufa na nini?"

"Banasema huzuni." Akaanza kulia kwa sauti, na mama Pulchérie, ambaye hakuweza kumwona mgeni akilia, akamkalisha na kumpa maji.

Majirani wakaona shada. Marthe wa kwaya akaleta viti na waimbaji. Wengine wakaja na kuni na unga wa mihogo. Wakamkuta marehemu jikoni, akikimbia huku na huku kwa aibu ya kuwa na wageni bila chakula. Walishangaa, lakini kwa kuwa walikwisha kuketi, wakaimba. Kisha Marthe akauliza picha ya marehemu iko wapi, na Zakaria akaleta ile ya moshi, aliyokuwa ameichapa kubwa.

Mama Pulchérie hakuwa amepata kuiona. Alisimama mbele yake na mwiko mkononi, machozi yakamtoka.

"Masikini," alisema. "Ule mama alikuwa muzuri."

Wakamfariji kwa kufiwa. Akakubali pole zao zote, kisha akapakua.

Zakaria alimpiga picha akila ugali kwenye matanga yake mwenyewe, akaituma kundini, akidhani sasa wataamini. Dany akamfukuza siku ile ile kwa kukosa heshima kwa marehemu.

Jambo hilo lilimuumiza kuliko alivyotaka kukiri. Alifunga studio, akakaa ndani, akawa hata salamu haitikii. Mwishowe mama Pulchérie akaja kugonga, amevaa kitenge kipya cha manjano.

"Zakaria, toka. Nipige ingine. Leo nataka nicheke."

"Nitaituma wapi? Sina tena benzangu."

"Kwani mi nilikuambia utume?"

Zakaria akatoa kiti nje, kwenye jua kali, akampiga picha, na macho yote mawili yalionekana. Mama Pulchérie aliiangalia kwenye kioo cha kamera kwa muda mrefu.

"Hii si mubaya," akasema. "Lakini ule mwingine alikuwa anajua kusimama."

Zakaria akacheka mpaka akakaa chini.