Mama Chaki na kitambaa cha dedi laini

Saa tatu asubuhi, Alhamisi, cherehani ya Mama Chaki inakimbia kama inafukuzwa. Kola moja imeingia upande. Anaifumua kwa meno, anaanza upya. Macho hayatulii: yako mlangoni, yako kwenye simu, yako kwenye rundo la sare za wauguzi ambazo bado hazina mikono.

"Kesho nikiumbuka, nimeumbuka kweli," anasema bila kuinua kichwa.

Mjane huyu, aliyepewa jina hilo kwa chaki isiyobanduka nyuma ya sikio lake, ametia viraka na kupunguza suruali za watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Wiki iliyopita msimamizi wa wauguzi alimpa kazi kubwa ya kwanza maishani mwake. Akiiwahisha, sare za mwaka mzima ni zake. Akichelewa, zinakwenda kiwandani.

"Alisema mbio mbio: sare za wauguzi, dedilaini Ijumaa. Mimi nikasikia dedi laini. Nikajua ni kitambaa."

Siku mbili nzima alizunguka madukani akikiulizia. Wengi walimwambia hakijaingia. Muuzaji mmoja, asiyetaka kuonekana mshamba, alimjibu: "Kimekwisha jana, mama. Kizuri kile, hakipauki."

Mjukuu wake anayesoma sekondari ndiye aliyemzindua. "Bibi, hicho si kitambaa. Ni siku ya mwisho ya kukabidhi kazi."

Akamwongezea na alichosoma: neno hilo la Kiingereza asili yake ni mstari wa kifo. Zamani, kwenye gereza la mateka wa vita, uliwekwa mpaka. Aliyeuvuka alipigwa risasi.

"Si ungeniacha tu na kitambaa changu," bibi akamwambia.

Tangu hapo hajala. Jana alimpigia msimamizi aombe siku moja zaidi. Simu ikaita mpaka ikakata. Leo amejaribu tena, kimya.

"Bibi, onja hata chai."

"Chai itapita wapi, mwanangu, na mstari umenikaba hapa?"

Anatandaza kitambaa cha mikono, anachora kwa chaki, anashika mkasi. Kisha anasita.

"Mimi sijawahi kukata juu ya mstari. Huacha vidole viwili pembeni, mtu akinenepa nguo ipanuliwe. Waliotunga neno hilo hawakuwa mafundi."

Anaitazama simu.

"Naomba tu yule mama msimamizi naye awe ameacha vidole vyake viwili."

Anakata.