Aliyejibu kwa Jina la Emil

Emil Perko alipofariki mwezi wa pili, mkewe Nadine aliwaarifu wote waliostahili kuarifiwa: padri, wastaafu wenzake wa kiwanda cha chuma, shemeji zake wawili kule Cleveland, hata kinyozi. Waliobaki bila habari ni wale wa kwenye kompyuta. Si kwamba aliwasahau. Hakujua aanzie wapi kuwapa habari za msiba watu ambao hajawahi kuwaona sura.

Walikuwa wapenzi wa sarafu za dola za fedha, zile za zamani zenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili. Mtu aliweka picha za sarafu yake kwenye jukwaa lao mtandaoni, wenzake wakakisia daraja: moja kwa sarafu iliyolika hadi haisomeki, sabini kwa ile isiyo na doa hata chini ya kioo cha kukuzia. Miaka kumi na mmoja Emil alikaa chumba cha nyuma cha nyumba yao hapo Pueblo, Colorado, akibishana na watu kama sitini na tatu ni sitini na tatu kweli. Nadine alikaa kando yake akipinda suruali za wateja, maana alikuwa fundi wa kurekebisha nguo. Mara kwa mara Emil alimgeuzia kompyuta.

"Hebu ona shavu hili, mama. Mimi naona limechubuka."

Nadine alivua miwani, akatazama, akamwambia huo si mchubuko, ni taa ya mpiga picha. Emil aliguna, kisha akaandika vilevile alivyotaka mwenyewe.

Mwezi wa tatu tanuri la kupasha nyumba joto liliharibika. Nadine akawasha kompyuta kutafuta namba ya fundi, akakuta ujumbe kumi na saba. Emil, umepotelea wapi? Mzee, unasemaje kuhusu hii? Chini yake palikuwa na picha ya dola. Aliitazama, na jibu alikuwa nalo. Akaandika: sitini na nne, shavu safi, tai ana mkwaruzo kifuani. Kabla hajainuka, watu watatu walikuwa wamemsalimu Emil na kumuuliza habari za baridi. Siku hiyo Nadine alikula chakula cha mchana mezani, badala ya kula wima kwenye sinki.

Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Alijitahidi kuandika kama Emil: maneno machache, salamu hakuna, na lawama kidogo kuhusu kahawa. Lakini macho yalikuwa yake, na macho hayo yalikuwa yamekaa miaka thelathini na minne juu ya vitambaa. Alijua mahameli iliyosuguliwa na kiti hadi ikapoteza manyoya, na alijua ile iliyolala tu kwa sababu ilifumwa vibaya tangu kiwandani. Ya kwanza imekufa. Ya pili, ukiiinamisha dirishani, bado mwanga unatembea juu yake.

Mwezi wa sita Wendell Ostby aliweka picha ya dola iliyogongwa kwenye kiwanda cha sarafu cha New Orleans. Huyu alikuwa mstaafu wa reli, mkazi wa Duluth, na hasimu mpendwa wa Emil. Nywele zilizo juu ya sikio la yule mwanamke zilikuwa bapa kabisa, na jukwaa zima likasema sarafu imetumika, hamsini na nane, isizidi. Nadine akamwomba Wendell apige picha nyingine karibu na dirisha, bila taa, sarafu ikiwa imeinama. Picha ilipokuja, mng'ao ulivuka lile sikio bila kukatika. Akaandika kwamba haijatumika hata siku moja, iligongwa kwa nguvu ndogo tu tangu mwanzo. Sitini na tatu.

Walimcheka. Mmoja alimshauri Emil akabadilishe miwani. Wendell akaipeleka sarafu kwa wakadiriaji wa kitaalamu, wanaoishika mkononi, na baada ya wiki tano ikarudi. Sitini na tatu.

Hakulitangaza jukwaani. Alimwandikia Nadine faraghani: "Emil asingesema hivi. Miaka tisa tunagombana, na kwake dola zote za New Orleans ni takataka. Wewe ni nani?"

Nadine hakugusa kompyuta kwa siku mbili. Siku ya tatu alituma namba yake ya simu, bila neno lingine. Wendell alipiga Alhamisi mchana.

"Ni mama Perko?"

"Ndiye."

"Lini?"

"Tarehe tisa mwezi wa pili. Moyo."

Nadine alisikia kiti kikivutwa, Wendell akikaa.

"Nilidhani daktari amemkataza kunywa," alisema. "Alikuwa ameanza kuandika kwa adabu."

Nadine alicheka.

"Mbona hukutuambia, shemeji?"

"Mngenipa pole, halafu mngeendelea na sarafu zenu. Mimi ningebaki na nani?"

"Sawa. Lakini mimi nimekuwa namtania maiti tangu mwezi wa tatu. Hiyo si haki kwangu, wala kwake."

"Najua," alisema Nadine.

Jioni ile aliandika ukweli wote kwa mistari sita. Pole za Emil zilijaza kurasa nne. Nadine alizisoma moja moja, na katika kurasa zote hizo waliomtaja yeye walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Wendell. Wa pili alikuwa mtu wa Tulsa, aliyesema ametapeliwa. Msimamizi wa jukwaa alimwandikia kwa upole kwamba jina ni la mtu mmoja tu, kwa hiyo la Emil litafungwa, ila yeye anakaribishwa kujiandikisha kwa lake.

Akajiandikisha. Kando ya jina Nadine Perko paliandikwa "mgeni". Picha ya kwanza aliyoitolea maoni, mtu alimjibu: "Karibu, bibie. Picha hudanganya. Anza kwanza kwa kushika sarafu." Kwenye droo iliyogusa goti lake mlikuwa na dola mia mbili na kumi za Emil.

Wendell alipiga Alhamisi mbili zilizofuata. Walizungumza juu ya Emil, kisha juu ya hali ya hewa ya Duluth, kisha hapakuwa na kitu. Alhamisi ya tatu simu haikulia. Nadine hakumlaumu, rafiki wa Wendell alikuwa Emil, si yeye.

Mwezi wa kumi, wakati mji mzima ulinuka pilipili za mavuno zinazochomwa mitaani, jukwaani iliwekwa picha ya dola ya San Francisco iliyong'aa kupita kiasi. Nadine aliandika kwamba imesafishwa na mtu, kwa kitambaa, kwa kuzungusha mkono. Halafu akasubiri. Saa nzima ilipita, kisha mtu asiyemfahamu akauliza: "Umejuaje kwamba ni kitambaa?"

Nadine alisogeza kiti, akaanza kumweleza. Aliandika hadi chai ikapoa, mambo mengi kuliko aliyoulizwa.