Muhuri Usiogusa Sahihi

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, katika ukumbi wa hoteli moja ya Kisumu inayotazama ziwa, na mimi nilikwenda nimenuna. Nilikuwa na miaka ishirini na moja katika bima ya afya. Kazi yangu ni kusoma barua za madaktari na kuamua kama mgonjwa atalipiwa matibabu au la, na sasa naambiwa nikafundishwe kazi hiyo hiyo na kompyuta. Nilichukua kiti cha nyuma kabisa, karibu na chupa za chai, nikaamua nitakula sambusa zao na kurudi nilivyokuja.

Mwalimu wetu alikuwa Mhindi wa makamo, mzaliwa wa hapa hapa Kisumu. Alitusalimu kwa Dholuo, lugha ya wenyeji, iliyonyooka kuliko yangu. Mimi ni wa kuja, kwetu ni Vihiga, na baada ya miaka yote hii Dholuo yangu bado inachekwa sokoni. Nilianza kumpenda pale pale, ingawa sikutaka.

Alitueleza kwamba akili bandia iliyomo kwenye kompyuta hiyo ilikuwa imesomeshwa mafaili ya ofisi yetu wenyewe, ya miaka mingi, pamoja na uamuzi tuliotoa kwa kila faili. Haikushuka na hekima kutoka mbinguni, alisema. Iliyajua yale tuliyoifunza, kama mtoto anavyojua kuongea kwa kuwasikiliza waliomlea. Kazi yetu ingekuwa kuitazama, kuiuliza sababu, na kuikatalia inapokosea. Hilo la kuikatalia alilirudia mara nyingi. Mimi nilikuwa nahesabu dakika za chai.

Siku ya pili alitugawia mafaili halisi, yaliyokuwa bado yanangoja uamuzi, majina ya wagonjwa yamefichwa. Kila mtu alipata kumi. Uamue kwanza kwa kalamu, kisha ufungue kompyuta uone yenyewe imesema nini. Wenzangu walipishana nayo huku na kule. Yangu yalilingana nayo yote kumi. Walinipigia makofi, na kichwa kikanivimba, sitaficha. Nilihama kutoka nyuma nikaenda kukaa mbele, eti nione vizuri.

Ndipo mwenzetu mmoja, mwanamke aliyekuwa nesi kabla ya kuja kwenye bima, akaomba faili langu la saba lionyeshwe ukutani. Ilikuwa barua ya kliniki moja ya Asembo Bay. Mgonjwa ni mama muuza samaki, ana presha ya macho, na daktari anaomba ruhusa ya upasuaji wa haraka. Mimi nilikuwa nimeandika irudishwe. Kompyuta nayo ilisema irudishwe. Nesi akauliza kwa nini. Mwalimu akaiandikia kompyuta swali hilo, na jibu likatokea kwa herufi kubwa: muhuri wa kliniki haugusi sahihi ya daktari.

Niliitikia kwa kichwa, nimeridhika. Miaka mingi nyuma nilikuwa nimemnasa mtu mwenye rundo la karatasi tupu zilizokwisha kupigwa muhuri pembeni, akizijaza wagonjwa wa kubuni. Nilikasirika mno siku ile, nikaweka sheria yangu: muhuri lazima upande juu ya sahihi, hata kidogo tu, ndipo nijue vimekutana mezani kwa daktari. Kila aliyeajiriwa baada yangu nilimfunza hivyo. Ofisini tukawa tunasema "hivi havijasalimiana," na barua inarudi ilikotoka.

Mwalimu aliuliza kwa upole sheria hiyo iko ukurasa gani wa mwongozo wetu. Tulipekua. Haikuwamo. Akaiuliza kompyuta imeitoa wapi, nayo ikapanga ukutani barua zilizorudishwa kwa sababu hiyo, moja baada ya nyingine, na chini ya kila moja herufi za mwanzo za jina la aliyeamua. Nyingi zilikuwa zangu. Nyani haoni kundule, lakini mimi langu nilionyeshwa kwa projekta, mbele ya ofisi nzima.

Nilifoka. Nilisema wezi wapo, mmoja nilimnasa mwenyewe, na bila sheria ile tungeliwa mpaka mifupa. Mwalimu hakubishana. Alikubali kwamba mwizi yule alikuwapo kweli, kisha akamwomba nesi asome historia ya faili lile. Lilikuwa limerudishwa mara mbili, na mara zote mbili kwa herufi zangu. Kila mara kliniki ilipiga muhuri upya, na kila mara ukaanguka upana wa kidole kutoka kwenye sahihi. Wangejuaje? Sisi tulikuwa tunawaandikia maneno mawili tu: nyaraka hazijakamilika. Mimi mwenyewe sikulikumbuka faili hilo hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko macho ya watu.

"Presha ya macho haingojangi karatasi," nesi akasema. "Jicho ikienda, imeenda."

Hasira zikaniisha, ikabaki hofu. Hasira yangu ya siku moja ilikuwa imegeuka sheria, na sasa sheria ilikuwa imepata mashine isiyochoka ya kuiendesha. Nikaidhinisha upasuaji pale pale. Mwalimu akasema zoezi bado halijaisha. Nikamwambia langu limeisha, nikatoka hadi barazani na kupiga simu ofisini, nikawatajia nambari ya faili ili wanipe simu ya yule mama. Kwa kawaida tunaiarifu kliniki, nayo inamwambia mgonjwa. Katika miaka ishirini na moja sikuwahi kumpigia mgonjwa mwenyewe.

Alishika simu upesi. Nilipomwambia ruhusa imetoka alimshukuru Mungu, kisha akanishukuru mimi. Akaniambia daktari atashughulikia jicho la kulia tu, kwa sababu la kushoto sasa halina la kufanywa. Limekuwa giza tangu mwezi uliopita. Aliyasema hayo bila kulalamika, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Samaki, alisema, siku hizi anawachagua kwa kuwabonyeza kwa kidole, maana kuwatazama hakumsaidii sana.

Kisha akaniomba msamaha. "Pole kwa kuwasumbua na hizo makaratasi, madam. Daktari alisema pengine ni yeye hajazi vizuri."

Ningeweza kuliacha hapo. Alikuwa amenifungulia mlango wa kutorokea, na nje kulikuwa na upepo mzuri wa ziwa, na ndani ukumbini walikuwa wakinisubiri kwa chai. Nilishika ukingo wa baraza.

"Daktari hakukosea, mama," nikasema. "Karatasi ilikuwa sawa tangu ile ya kwanza. Ni mimi nilikuwa narudisha."

Nyuma yake nilisikia watu wakizungumza na beseni likiburutwa. Nilijiandaa kutukanwa, na nadhani nilitaka anitukane.

"Zote mbili?" akauliza.

"Zote mbili."

"Sawa," akasema. "Hii ya leo usirudishe."